Shamba la Paja la Kushoto

Daktari Fanuel Luvanda alivua glavu, akazirusha kuelekea pipa, akakosa, akasubiri mtu mwingine aziokote. Sista Otilia Mgaya hakuziokota. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita katika wodi ya walioungua ya Lupembezi, na muda huo ulimtosha kuamua ni vitu gani ataviinamia na vipi hataviinamia.

“Vuno zuri,” alisema daktari, akikiinua kwenye mwanga kipande cha ngozi chembamba kama ganda la kitunguu. “Funga Utando, Sista. Alhamisi narudi kwenye shamba hilihili, tuchukue ya mashavu.”

Shamba lilikuwa paja la kushoto la Twilumba Mwinuka. Mwenyewe alikuwa amelala pale mezani, macho wazi, ganzi imemshika kuanzia kiunoni, akisikiliza paja lake likipangiwa ratiba. Hilo lilikuwa vuno la tatu ndani ya wiki tatu: kushoto, kulia, na sasa kushoto tena.

Wodi nzima ilisema kuvuna. Sista Otilia alisema kuchuna, kwa sauti, hata mbele ya wageni, kwa sababu ndicho kilichofanyika. Kisu cha umeme kilipita juu ya paja kama kile cha kumenyea viazi na kuondoka na ngozi ya juu. Zamani aliyeungua alichunwa ngozi yake mwenyewe, akaumwa mara mbili, akavumilia. Kisha ikaja sindano ambayo watu waliibatiza sindano ya undugu. Ukishachomwa hiyo, ngozi ya mtu yeyote inashika mwilini mwako na kukaa. Madaktari walishangilia. Koo nazo zikaanza kufanya vikao vya kumpata mtoaji, na katika miaka tisa Sista Otilia hakuwahi kuona kikao kikimpata mwenyekiti wake. Kila mara kilimpata yule asiye na wa kumsemea.

Kikao cha akina Sanga kilimpata Twilumba, mjane wa mdogo wake Diwani.

Mheshimiwa Diwani Eliakimu Sanga aliungua siku ya uzinduzi wa kisima cha mvuke namba tisa. Mhandisi alimwomba asubiri mshale wa kipimo ushuke. Mheshimiwa akasema wageni hawawezi kukaa juani wakingoja mshale, akashika usukani wa bomba mwenyewe, na utepe wake wa heshima shingoni, akafungua. Mvuke ukamkuta usoni, shingoni, kifuani na mikononi. Meza ya wageni rasmi, pamoja na maua yake ya plastiki, ilimkinga kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono na kifua vilihitaji ngozi kweli, na vilipata, yote kutoka kwa Twilumba. Shingo na mashavu vilikuwa habari nyingine. Kampeni zilikuwa zinaanza baada ya miezi miwili, na Mheshimiwa alitaka kupiga picha.

Sista Otilia alisogeza toroli. Juu yake kulikuwa na vitu vitatu, na kazi ya kuchagua ilikuwa yake. Katika wodi hiyo daktari alichuna na muuguzi akafunga, na aliyefunga ndiye aliyefungua. Jina lake na tarehe viliandikwa kwa kalamu ya buluu juu ya bandeji, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata daktari. Sheria hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko kuta za jengo.

Cha kwanza kilikuwa Utando. Ulioteshwa kwenye matangi kutokana na aina ya kuvu, ukatandazwa juu ya kidonda, ukang'ang'ania wenyewe. Uliilaza mishipa ya fahamu usingizi, ukaharakisha ngozi, na siku ya nne ukingo wake ukageuka kijani: tayari. Taarifa ilikwenda yenyewe kwa Mshauri, mtambo uliokuwa ukutani kila chumba. Waliouleta walisema ni huruma kwa mtoaji, maana haumwi hata kidogo. Hawakusema kwamba mtoaji asiyeumwa anachunwa tena wiki hiyohiyo, wala kwamba mishipa mingine ikishalazwa haiamki.

Cha pili kilikuwa pamba ya mwani, laini, inayokunywa damu na maji ya kidonda na kugeuka rojo. Kwa pamba hiyo kidonda hupona siku kumi, maumivu yake ya wastani. Cha tatu kilikuwa gozi ya mafuta, kitambaa cha tangu enzi za wakoloni kinachogandamana na kidonda kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Siku kumi na nne, inauma, na Mshauri hawezi kuona chochote chini yake.

Juzi Sista Otilia alikuwa amemkuta Twilumba kitandani na kikombe cha uji wa moto kimeegemea paja la kushoto. Mvuke uliopanda kikombeni ndio uliomshtua muuguzi. Twilumba mwenyewe aliendelea kusoma, na kikombe kilipoondolewa kiliacha baka jekundu upande wa nje wa paja, pana kama kiganja cha mtoto. Alilitazama kana kwamba liko kwenye mguu wa jirani.

Sista Otilia akachukua gozi ya mafuta.

“Hiyo ni ya enzi za bibi yangu,” alisema Daktari Luvanda.

“Bibi yako angekuambia ni nzuri.”

“Sista, Alhamisi nitaonaje chini ya hilo dude?”

“Hutaona, Dokta. Itadondoka yenyewe, siku kumi na nne. Wewe umeshachuna, niache nifunge.”

Mshauri alitaja kwa sauti yake tamu kwamba Utando ulikuwepo, vipande thelathini na viwili, kisha akaorodhesha maeneo yanayofaa kwa vuno lijalo. Daktari alipitisha kidole kwenye kioo na kuufuta mstari wa kwanza, kama alivyofanya kila siku. Sista Otilia alimtazama akiufuta, akamdharau, akaendelea kufunga. Aliandika jina lake na tarehe. Alijisikia vizuri sana, na ni haki kusema hivyo, kwa sababu baadaye alikumbuka jinsi alivyojisikia.

“Sista,” Twilumba aliita kutoka mezani, “umenifunga nini?”

“Kitu kizuri, mwanangu. Pumzika.”

*

Ganzi ilipoisha, paja likaanza. Siku ya kwanza Twilumba aliuma shuka. Siku ya pili aliomba dawa ya maumivu kila baada ya saa mbili, akapewa kila baada ya sita, maana ndivyo Mshauri alivyotenga kwa watoaji. Siku ya tatu hakuomba tena. Alilala akiitazama dari na kuuliza kila aliyepita kwa nini mara hii inauma hivi, na kila aliyepita akamwambia amuulize Sista Otilia.

Sista Otilia alimwambia ni kidonda tu, kitatulia. Alikuwa na majibu bora zaidi, lakini aliyatunza kwa ajili ya watu aliowaona wanastahili kugombezwa, na hao walikuwa chumba namba moja.

Mheshimiwa alikuwa na chumba chake, dirisha lake na safu ya viti vya plastiki kwa ajili ya ukoo. Sista Otilia alimwosha kila asubuhi, kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu, na kubadilisha bandeji za kifua. Kazi hiyo aliifanya vizuri, kama anavyoifanya kwa yeyote, na wakati wote huo alimchukia kimyakimya.

“Sista,” alisema Mheshimiwa asubuhi ya siku ya nne, “mbona shamba letu halionekani kwenye mtambo?”

“Shamba lenu na nani, Mheshimiwa?”

“La shemeji. Nauliza tu. Mpigapicha nimeshamwita.”

“Kamwambie mpigapicha alime lake.”

Shangazi Anyesi, dada wa baba yao, aliyekuwa amekaa kiti cha kwanza na mkoba magotini, alicheka kidogo kwa adabu. Ndiye aliyeongoza kikao cha ukoo. Ndiye pia aliyemshika Twilumba mkono, mara zote tatu, na kulipeleka dole gumba kwenye kioo cha Mshauri kama sahihi ya ridhaa, akisema, weka hapo mama, ni kaka wa marehemu mumeo. Alikuwa mkulima hodari wa viazi na hakuwa na moyo mbaya kuliko watu wengine. Kwa maoni ya Sista Otilia, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

“Kamwene, Sista,” alisalimia Shangazi kwa lugha ya kwao alipomfuata mlangoni. “Mimi nauliza kwa wema. Sasa hiyo bandeji, mtu atajuaje kama chini kumeshaiva?”

“Hatajua. Atasubiri.”

“Hata kuchungulia?”

“Hata kuchungulia, mama. Ukiibandua kabla haijadondoka, unaondoka na ngozi changa yote.”

Shangazi Anyesi akaitikia kwa kichwa, kama anayeitikia jambo la watu wa mjini.

*

Jumapili Sista Otilia alikuwa mapumzikoni. Jumatatu saa moja asubuhi, ukungu bado umekaa kwenye vioo vya wodi, alimkuta Twilumba amekunja mguu wa kulia, wa kushoto ameunyoosha, shuka limelowa damu chini yake. Bandeji yenye jina la Otilia Mgaya ilikuwa kwenye beseni, na kilichokuwa kimegandamana nayo kilikuwa ngozi ya siku sita.

Hapakuwa na haja ya uchunguzi. Shangazi Anyesi alikuwa amekaa pembeni akilia kwa dhati. Alieleza yote bila kuulizwa. Kule kwao, mwezi mmoja kabla ya kuchimba, mwanamke hupenyeza vidole kwenye tuta akapapasa viazi vimefikia ukubwa gani, kisha anarudishia udongo, na mmea hausikii chochote. Wamefanya hivyo tangu utoto. Alitaka kupapasa tu. Aliinua ukingo, ukang'ang'ania, akavuta kidogo, na Twilumba alipopiga kelele akashtuka akavuta yote.

“Nilitaka kurudishia,” alisema.

Sista Otilia alikuwa na maneno ya kumwambia, makali, yaliyopangika. Akafungua kinywa.

“Mwache,” alisema Twilumba.

Sauti yake ilikuwa kavu. Hakuwa anamtazama Shangazi. Alikuwa anamtazama muuguzi.

“Shangazi, toka nje kidogo.” Shangazi akatoka na mkoba wake. “Sista, yule wa usiku ameniambia zipo za aina tatu. Kuna ambayo haiumi. Vuno la kwanza na la pili nilifungwa hiyo. Mara hii ukanifunga ya kuuma, kwa makusudi. Kweli?”

“Kweli. Nilikuwa nakukinga. Ile isiyouma ndiyo inayowafanya wakuchune tena na tena. Umesahau kikombe cha uji?”

“Sijasahau. Hukunieleza kikombe kile kilikuwa na maana gani.”

“Ningekueleza ukiwa mezani, umechomwa ganzi?”

“Ungenieleza juzi yake. Ungenieleza jana yake. Siku tatu nimeuliza kila mtu kwa nini inauma, na wewe unapita na toroli unaniita mwanangu.” Twilumba alivuta pumzi mpaka maumivu yakapungua. “Wale walikaa kikao wakaniamulia habari ya paja langu. Wewe hukukaa hata kikao.”

Sista Otilia alizoea kutukanwa na wagonjwa, na madaktari, na waheshimiwa, na matusi hayo hayakuwahi kumfikia kwa sababu aliwadharau kwanza. Hili lilimfikia. Alikaa kwenye kiti cha Shangazi Anyesi, kilichokuwa bado cha moto.

“Sawa,” alisema. “Nimekosa.”

“Nataka kukuuliza kitu kingine. Wewe ndiye unayemwosha shemeji?”

“Kila siku.”

“Mapaja yake yakoje?”

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo ya kudekia. Sista Otilia aliisikiliza mpaka ikapita. Aliyajua mapaja hayo vizuri kuliko mke wa Mheshimiwa: manene, laini, hayajawahi kupata hata mkwaruzo. Mshauri naye aliyajua. Ndiyo yaliyokuwa mstari wa kwanza kila alipoorodhesha maeneo yanayofaa, ngozi ya mgonjwa mwenyewe, inayoshika bila sindano yoyote, na ndiyo mstari ambao Daktari Luvanda aliufuta kwa kidole kabla mtu hajausoma. Sista Otilia alikuwa ameusoma kwa wiki tatu. Alimdharau daktari kwa kuufuta, akamdharau Diwani kwa kutouliza, akadharau ukoo mzima, na katika dharau yote hiyo hakuwahi kuusema mstari ule kwa mdomo.

“Mazima,” alisema.

“Yote mawili?”

“Yote mawili.”

Twilumba alijiinua kwenye kiwiko. Kisha akasema, “Lete hizo tatu nizione.”

Sista Otilia akaleta toroli. Akaeleza kila moja, siku zake, maumivu yake, nini Mshauri anaona na nini haoni, mishipa gani inalala na ipi haiamki. Hakupendekeza. Ilimchukua robo saa, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita kuyasema yote hayo kwa mtu aliyekuwa na kidonda chenyewe.

Twilumba akagusa pamba ya mwani kwa kidole. “Hii. Siku kumi nitazimudu ukinipa dawa ya maumivu kama mgonjwa, siyo kama mtoaji. Na dole gumba langu halirudi kwenye kioo kile. Nani atanilazimisha?”

“Hakuna. Sheria haijawahi kumlazimisha mtu. Ni viti vya plastiki tu vinavyolazimisha.”

Akamwosha kwa maji ya chumvi, taratibu, akamfunga mwani, bandeji juu. Alipotoa kalamu ya buluu, Twilumba akanyoosha mkono. Akajikunja kwa shida, akaandika mwenyewe juu ya paja lake: T. Mwinuka, na tarehe.

*

Saa tano Daktari Luvanda alimkuta Sista Otilia chumba namba moja pamoja na toroli. Viti vyote sita vilikuwa na watu, habari ya Jumapili ilikuwa imeshasambaa, na Shangazi Anyesi alikuwa amehamia kiti cha mwisho.

“Dokta, umefika wakati mzuri,” alisema Sista Otilia. “Mtoaji amejitoa. Nawauliza ndugu kama yupo mwingine kwa ajili ya shingo na mashavu.”

Ndugu walikuwepo, ila afya ndiyo haikuwepo. Mmoja alikuwa na sukari. Mwingine alikuwa na sukari pia, akaigundua palepale. Binamu mmoja alisema angetoa kwa moyo mweupe lakini ngozi yake ni nyeusi mno kwa picha. Mwingine akakumbuka ameacha gari vibaya, akatoka kwenda kulisogeza, hakurudi.

“Basi tumuulize Mshauri,” alisema Sista Otilia, na safari hii alisimama yeye karibu na kioo, mabega yake mapana yakiwa kati ya kioo na kidole cha daktari.

Mshauri alisoma kwa sauti yake tamu. Eneo la kwanza linalofaa: paja la kushoto la mgonjwa mwenyewe. La pili: paja la kulia la mgonjwa mwenyewe. Ubora, asilimia tisini na nane. Imependekezwa mara ishirini na moja. Imefutwa mara ishirini na moja.

Daktari Luvanda akaangalia viatu vyake. Viti vikalia kidogo sakafuni.

“Mimi?” alisema Mheshimiwa. “Lakini mimi ndiye mgonjwa.”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Na Alhamisi thieta ya upasuaji ipo wazi kwa jina lako.” Sista Otilia akasogeza toroli mpaka ikagusa kitanda, akafunua kitambaa. “Kwa hiyo ni lazima tuchague tutakachofungia paja baada ya kuchuna. Mtoaji anachagua mwenyewe, ndiyo utaratibu wetu mpya. Zipo tatu.”

Akamweleza. Hakuongeza chumvi, kwa sababu ukweli ulitosha. Alimweleza kisu na upana wake. Alimweleza gozi, na ukoko, na siku kumi na nne. Alimweleza mwani. Alipofika kwenye Utando, Mheshimiwa akanyanyua kichwa kwa matumaini na kuuliza kama ni kweli hauumi kabisa. Sista Otilia akasema ni kweli kabisa, akamsimulia kikombe cha uji wa moto, kilikaa wapi, kwa muda gani, na nani aliyekiondoa.

Mheshimiwa Diwani alitazama vile vitu vitatu kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mshale wa kipimo. Mkono wake, wenye ngozi ya Twilumba, ukapanda polepole ukagusa shingo.

“Hivi, Dokta,” alisema. “Hili kovu la shingo. Mtu akiliacha tu, si litajikalia?”

“Litajikalia,” alisema Daktari Luvanda.

“Na mashavu?”

“Yanaendelea vizuri yenyewe.”

“Wananchi wangu si watu wa kutazama sura,” alisema Mheshimiwa, na ndugu waliobaki wakakubaliana naye kwa sauti moja.

Sista Otilia akafunika toroli. Glavu ambazo daktari alizirusha asubuhi hiyo, akakosa tena, zilikuwa bado sakafuni, karibu na pipa. Akamwonyesha kwa kidole, akasubiri, na Daktari Bingwa Fanuel Luvanda akainama, akaziokota.

Wodini Twilumba alikuwa macho.

“Amechagua ipi?” aliuliza.

“Hakuchagua.”

“Amekataa?”

“Amepona,” alisema Sista Otilia.

Twilumba akacheka mpaka paja likamkamata. Akalishika kwa viganja viwili, uso umekunjamana, akauacha mkono ushuke upande wa nje, pale kwenye baka la uji. Akabonyeza. Akabonyeza tena, kicheko kimekatika.

“Hapa bado, Sista,” alisema. “Hapa sisikii kitu.”

Sista Otilia aliweka mkono wake juu ya ule wa Twilumba, akaubonyeza pamoja naye, na hakumwambia kwamba patarudi.